Treni zikipishana: namna ya kukokotoa maswali ya kasi bila kukariri kanuni

Umekaa dirishani, stesheni, unasubiri safari ianze. Kwenye reli ya pili imesimama treni nyingine, karibu kiasi kwamba unasoma namba za mabehewa yake. Mara mabehewa yale yanaanza kuteleza kurudi nyuma, taratibu, bila kelele, nawe unajisemea: haya, tumeondoka. Behewa la mwisho linapita, nyuma yake inajitokeza nguzo ya jukwaa ikiwa pale pale ilipokuwa, na unabaini hamjasogea hata unyayo. Walioondoka ni wao.

Watu husema macho yamewadanganya. Mimi naona yalifanya kazi yake vizuri. Yalipima kitu kimoja tu, pengo kati yako na treni ya jirani linabadilika kwa haraka kiasi gani, na kitu hicho ndicho swali la kasi linganishi linachotaka. Nani hasa anasogea juu ya ardhi, swali haliulizi.

Nafundisha hisabati jioni. Wengi ni wanafunzi wa sekondari, na wapo vijana wanaojiandaa na usaili wa kazi, maana siku hizi maswali ya treni yamehamia na huko. Karibu wote wanakuja na wimbo mmoja kichwani: "Zikikabiliana jumlisha, zikifuatana toa." Wimbo wenyewe hauna kosa. Lakini ukiwapa swali wanaanguka, na ukiangalia daftari, kujumlisha wamejumlisha vizuri. Wamegawanya urefu usiohusika, au wamechanganya kilomita na sekunde, au wamekwama kwenye saa 12 asubuhi na saa 1. Mwongozo huu unapita huko huko wanakoanguka.

Jambo dogo kabla hatujaanza. Vitabu vya shule huandika "mwendokasi". Kwa mkazi wa Dar neno hilo limeshachukuliwa na mabasi ya Kimara, kwa hiyo humu nitasema "kasi" tu.

Hatua ya kwanza: sikiliza kitenzi

Kabla ya kugusa namba, tafuta treni zinafanyiana nini. Zinakaribiana, zinakutana, zinapishana, au zinaachana moja ikienda mashariki na nyingine magharibi: hapo kila treni inachangia. Chukua mbili zinazokaribiana, moja kwa kilomita 100 kwa saa, nyingine kwa 75. Ya kwanza inalila pengo upande wake, ya pili inalila upande wake. Saa moja ikiisha, pengo limepungua kilomita 175. Umejumlisha, na hukuhitaji wimbo.

Sasa treni inaifukuza nyingine, inaifikia, inaipita. Hapo mmoja analila pengo na mwenzake analirudisha. Kwa kasi zilezile, anayefukuza amekula kilomita 100 ndani ya saa, anayefukuzwa ameongeza 75, na pengo limepungua 25 tu. Umetoa.

Utaona vitenzi vya kundi la kwanza vina -ana mwishoni, na utatamani kuifanya hiyo kanuni. Usithubutu. Kufukuzana na kufuatana navyo vina -ana, na zinazofuatana zinaelekea upande mmoja. Kitenzi kinakuonyesha picha; picha ikishakujia, jiulize swali moja: baada ya saa moja, pengo limebadilika kwa kilomita ngapi? Jibu la hapo ndiyo kasi linganishi, siku zote.

Wanaofanya mtihani kwa Kiingereza nawashauri walitafsiri swali kimoyomoyo mpaka wapate kitenzi cha Kiswahili. Kiingereza kina tabia ya kutumia neno lilelile kwa treni kupishana na kwa treni kuipita nyingine, halafu mwelekeo wanauficha mwisho wa sentensi. Sisi tumejaliwa maneno mawili tofauti. Tuyatumie.

Hatua ya pili: simamisha treni moja

Chagua treni moja, panda, kaa, na utangaze kwamba imesimama. Kasi yote ya hatua ya kwanza mpe yule wa pili. Ulikuwa na treni mbili zinazokwenda, sasa una moja inayokwenda na moja iliyolala kama jukwaa, na swali limekuwa rahisi kuliko lilivyoandikwa.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kufanya hivyo si udanganyifu. Si udanganyifu. Galileo Galilei aliandika mwaka 1632 kwamba mtu aliyefungiwa kwenye chumba cha meli inayokwenda kwa mwendo ulio sawa hawezi kujua kama meli inasafiri au imetia nanga. Matone ya maji yanadondoka wima vilevile, na vipepeo waliomo chumbani wanaruka vilevile. Sharti lake ni mwendo ulio sawa, bila kuongeza kasi wala kufunga breki, na maswali yetu ya treni karibu yote yanachukulia hivyo hata yasipotaja.

Hatua ya tatu: fuata mkia

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, basi tukae kidogo.

Bodaboda, mtu na nguzo huchukuliwa kama nukta. Treni ya mita 250 si nukta. Saa inaanza kuhesabu pale kichwa cha treni kinapogusa kitu, na inasimama pale mkia unapokiacha. Kwa hiyo chora mstari, chora treni yako kama sanduku refu, weka alama ya X kwenye mkia, kisha uulize: tangu mwanzo hadi mwisho, X imesafiri umbali gani? Umbali huo ndio unaougawanya kwa kasi. Ukifuata kichwa badala ya mkia, utakosea kwa raha kabisa.

*Nguzo.* Treni ya mita 200 inakwenda mita 20 kwa sekunde. Inatumia muda gani kuipita nguzo ya simu? Kichwa kinapoigusa nguzo, X iko mita 200 nyuma. Inabidi ifike kwenye nguzo. Umbali mita 200, kasi 20, muda sekunde 10. Mtu aliyesimama, mti wa mwembe, taa ya ishara: hesabu ni hiyohiyo.

*Jukwaa au daraja.* Treni ya mita 250, mita 25 kwa sekunde, jukwaa la mita 400. Kichwa kinapofika mwanzo wa jukwaa, X iko mita 250 nyuma yake. Treni imelimaliza jukwaa pale X itakapofika mwisho wa jukwaa. X imesafiri 250 + 400, yaani mita 650. Gawanya kwa 25, unapata sekunde 26. Anayeandika 16 amegawanya 400 peke yake. Saa yake ameisimamisha kichwa kilipotoka, mabehewa yote yakiwa bado jukwaani.

*Handaki.* Hapa watunzi huweka mtego. Fikiria treni hiyohiyo inapita kwenye handaki la mita 1,000, mfano wa yale yaliyochimbwa kwenye milima ya Kilosa kwa ajili ya reli ya SGR. Kuanzia kichwa kinapoingia hadi mkia unapotoka ni mita 1,250, sekunde 50. Lakini swali likiuliza treni inakuwa ndani *yote* kwa muda gani, hadithi inabadilika. Saa inaanza X inapoingia mdomoni mwa handaki na inasimama kichwa kinapochungulia upande wa pili. Wakati huo X imesogea 1,000 toa 250, yaani mita 750, na muda ni sekunde 30. Maneno mawili tu, "ndani yote", yamekata sekunde 20. Chora, utaona.

*Treni mbili zinazopishana.* Moja ina mita 180 na inakwenda mita 20 kwa sekunde. Nyingine ina mita 220 na inakwenda mita 30. Zinakabiliana. Simamisha ile ndefu, igeuze jukwaa la mita 220, na ile fupi ipewe kasi yote, 50. Tangu vichwa vinapogusana hadi mikia inapoachana, X ya treni fupi imesafiri 180 + 220. Mita 400 kwa 50 ni sekunde 8.

Zingekuwa zinaelekea upande mmoja, ya mita 220 ikiipita ya mita 180, urefu ni uleule 400, ila kasi linganishi ni 10. Sekunde 40. Tofauti kati ya 8 na 40 ndiyo inayomfanya abiria aseme treni ya mbele "ilipita kama upepo" na ile inayowapita kwa upande mmoja "ilituandama".

*Abiria dirishani.* Swali likisema abiria wa treni ya mita 180 anaiangalia treni ya pili ikipita, urefu wa treni yake mwenyewe hauna kazi. Abiria ni nukta, ni nguzo iliyokaa kwenye kiti. Kinachopita mbele yake ni mita 220 tu. Wakipishana: 220 kwa 50, sekunde 4.4. Na abiria wa treni ya pili anaiona ile ya mita 180 kwa sekunde 3.6. Jumlisha 4.4 na 3.6: unarudi kwenye 8. Hilo nalipenda sana, na ni njia nzuri ya kukagua jibu ukiwa na dakika ya ziada.

*Bodaboda barabarani.* Barabara inayokwenda sambamba na reli huleta swali la namna hii: treni ya mita 300 kwa kilomita 90 kwa saa inampita bodaboda anayekwenda upande uleule kwa kilomita 36 kwa saa. Pengo linabadilika kilomita 54 kwa saa, sawa na mita 15 kwa sekunde. Bodaboda hana urefu, kwa hiyo mita 300 kwa 15, sekunde 20. Angekuwa anakuja kutoka mbele, kasi ingekuwa kilomita 126 kwa saa, mita 35 kwa sekunde, na treni ingemmalizikia ndani ya sekunde 8.6 hivi.

Kwenye njia zetu nyingi reli ni moja, na treni hazipishani porini kama mitihani inavyopenda. Hupishana stesheni, moja ikiwa imeingia reli ya pembeni na kusimama kuipisha nyenzie. Hilo nalo ni swali zuri: kasi ya iliyosimama ni sifuri, urefu wake bado unahesabika. Kwa treni zetu mbili, ile ya mita 180 ikiwa imesimama, mita 400 kwa 30 ni sekunde 13 na theluthi.

Hatua ya nne: vipimo viwe vya ukoo mmoja

Urefu wa treni unakuja kwa mita, kasi inakuja kwa kilomita kwa saa, muda unatakiwa kwa sekunde. Kabla ya kugawanya chochote, vilete pamoja. Kilomita moja ni mita 1,000, saa moja ni sekunde 3,600, na 1,000 juu ya 3,600 ukifupisha ni 5 juu ya 18. Basi kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde, zidisha kwa 5, gawanya kwa 18. Kurudi, zidisha kwa 18, gawanya kwa 5.

Ukisahau kipi kinakuwa juu, kumbuka kwamba namba ya mita kwa sekunde huwa ndogo kuliko ya kilomita kwa saa. Ukipata kubwa, umegeuza.

Watunzi wa mitihani wana udhaifu wao: wanapenda namba zinazogawanyika kwa 18. Zilizo hapa ukizizoea utaokoa dakika:

18 km/saa = 5 m/s
36 km/saa = 10 m/s
54 km/saa = 15 m/s
72 km/saa = 20 m/s
90 km/saa = 25 m/s
108 km/saa = 30 m/s
144 km/saa = 40 m/s

Maisha hayana adabu hiyo. Reli ya SGR ya Tanzania imejengwa kwa treni za abiria kufika kilomita 160 kwa saa, na 160 mara 5 gawanya kwa 18 ni 44.4. Yaani mchongoko, ile treni ya abiria ya umeme yenye pua iliyochongoka, ukiwa kwenye kasi hiyo, uwanja wa mpira wa mita 105 unaumaliza kwa sekunde mbili na nukta kadhaa. Ukikutana na namba isiyogawanyika, acha iwe sehemu (400/9, kwa mfano) mpaka mwisho wa hesabu. Ukikata desimali mapema, kosa linakua kila unapozidisha.

Tena: kama kasi zote mbili ziko kwa kilomita kwa saa, jumlisha au toa kwanza, kisha badilisha mara moja. Kubadilisha kila moja peke yake ni kujitafutia makosa mawili mahali pa moja.

Maswali ya kukutana, na saa zetu za Kiswahili

Treni zikiwa mamia ya kilomita mbali, urefu wake haujalishi tena. Mita 200 ndani ya kilomita 450 ni kama punje kwenye gunia. Hapa kazi ni pengo na saa.

Chukua njia ya kilomita 450. Treni ya kwanza inaondoka Dar saa 12:00 asubuhi kwa kilomita 100 kwa saa. Ya pili inaondoka Dodoma saa 1:00 asubuhi kwa kilomita 75 kwa saa. Zitakutana saa ngapi, na wapi?

Ukitoa 12 kwenye 1 unapata hasi 11, na nimeshaona daftari lenye hiyo hasi 11 imepigiwa mstari kwa fahari. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 1 asubuhi ni saa moja. Anayetatizika abadilishe kwanza kwenda saa 24, ambazo ndizo zinazoandikwa kwenye ratiba: 06:00 na 07:00. Kisha akimaliza arudi kwenye saa zake.

Kanuni ya pili ya maswali haya: usianze kuhesabu kasi ya pamoja mpaka treni zote mbili ziwe njiani. Ndani ya saa ile ya kwanza Dar peke yake ndiye anayekula pengo. Amekula 100, limebaki 350. Kuanzia hapo wanakula wote, 175 kwa saa. 350 gawanya kwa 175 ni saa 2. Zinakutana saa 3:00 asubuhi. Treni ya Dar imesafiri saa 3, yaani kilomita 300. Kagua kwa upande wa pili: treni ya Dodoma imesafiri saa 2 kwa 75, kilomita 150. 300 na 150 ni 450. Zimekutana kweli.

Usiruke ukaguzi huo. Unachukua sekunde kumi, na ndiyo njia pekee ya kujua kama umekosea bila kusubiri mwalimu.

Kufukuza

Reli ya SGR ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi ilipangwa kwa treni za abiria za kilomita 120 kwa saa na za mizigo za kilomita 80, basi tuzitumie hizo. Treni ya mizigo inaondoka Mombasa saa 2:00 asubuhi. Ya abiria inaondoka hapohapo saa 3:30. Itaifikia lini?

Saa moja na nusu ya kutangulia, mara 80, ni pengo la kilomita 120. Kasi ya kulila pengo ni 120 toa 80, yaani 40. 120 gawanya kwa 40 ni saa 3. Saa 3:30 ongeza saa 3 ni saa 6:30 mchana, kilomita 360 kutoka Mombasa. Kagua: ya mizigo imesafiri saa 4 na nusu, mara 80, kilomita 360. Sawa.

Kosa la kawaida hapa ni kugawanya pengo kwa 120 badala ya 40, kana kwamba treni ya mizigo ilisimama kungoja ifikiwe.

Na angalia jambo ambalo mitihani hailigusi. Treni ya mizigo ingetangulia saa 2 kamili, pengo lingekuwa 160, muda saa 4, na mahali pa kukutana kilomita 480. Njia yenyewe, Mombasa hadi Nairobi, ina takribani urefu huo. Ungekuwa umepata jibu sahihi la swali ambalo reli imeshakwisha. Ukipata umbali, uliza kama njia inafika huko.

Swali likigeuzwa

Wakati mwingine muda unapewa, na unatakiwa kutafuta kasi au urefu. Picha haibadiliki, unachofanya ni kuirudisha kinyumenyume.

Treni inaipita nguzo kwa sekunde 9 na jukwaa la mita 180 kwa sekunde 21. Ina urefu gani, na inakwenda kasi gani? Watu huanza kuandika milinganyo miwili. Inafanya kazi, lakini angalia: mbele ya nguzo X ilisafiri urefu wa treni. Mbele ya jukwaa X ilisafiri urefu wa treni na jukwaa. Tofauti ya safari hizo mbili ni jukwaa tu, mita 180, na tofauti ya muda ni sekunde 12. Kasi ni 180 kwa 12, mita 15 kwa sekunde, au kilomita 54 kwa saa. Urefu ni 15 mara 9, mita 135.

Lingine linalojirudia sana: treni mbili, kila moja mita 150, zikipishana zinatumia sekunde 10, na moja ikiipita nyingine kwa upande mmoja zinatumia sekunde 50. Tafuta kasi zake. Urefu wa pamoja ni 300. Jumla ya kasi ni 300 kwa 10, yaani 30. Tofauti ya kasi ni 300 kwa 50, yaani 6. Sasa una jumla na tofauti ya namba mbili: ya haraka ni nusu ya 30 + 6, mita 18 kwa sekunde, ya polepole ni nusu ya 30 toa 6, mita 12. Hili ni fumbo la umri wa kaka na dada lililovaa koti la reli.

Na kuna lile la ndege. Treni mbili ziko kilomita 100 mbali, moja inakuja kwa kilomita 20 kwa saa, nyingine kwa 30. Kunguru anaondoka kwenye kichwa cha moja, anaruka kwa kilomita 45 kwa saa hadi kwenye nyingine, akifika anageuka, anarudi, anageuka tena, mpaka treni zinakutana. Ameruka kilomita ngapi? Ukianza kuhesabu safari yake moja moja utakesha, maana zinafupika bila kikomo. Acha kunguru, uliza treni: zinakutana baada ya 100 kwa 50, saa 2. Kunguru alikuwa hewani saa 2 kwa 45. Kilomita 90.

Fanya mazoezi safarini

Simu yako ina saa ya kupimia sekunde. Kandokando ya reli kuna vibao vya kilomita. Pima sekunde kutoka kibao kimoja hadi kingine, gawanya 3,600 kwa hizo sekunde, na unayo kasi ya treni yako kwa kilomita kwa saa; sekunde 36 ni kilomita 100 kwa saa, sekunde 60 ni 60. Mkiwa mmesimama stesheni kuipisha treni ya mizigo, hesabu mabehewa na sekunde. Yakiwa 30, na ukikadiria kila moja mita 15, hiyo ni mita 450. Yakipita kwa sekunde 30, inakwenda mita 15 kwa sekunde, kilomita 54 kwa saa. Jirani yako wa kiti atadhani una wazimu. Mweleze, utajikuta umemfundisha, na aliyefundisha hasahau.

Yajaribu haya kabla ya kusoma majibu

1. Treni ya mita 240 inalimaliza daraja la mita 360 kwa sekunde 24. Inakwenda kilomita ngapi kwa saa?

2. Mchongoko wa mita 200 kwa kilomita 160 kwa saa unaipita treni ya mizigo ya mita 550 inayokwenda upande huohuo kwa kilomita 70 kwa saa. Unatumia sekunde ngapi? Na abiria aliye ndani ya mchongoko anaiona treni ya mizigo kwa sekunde ngapi?

3. Treni mbili zinaondoka Morogoro saa 4:00 asubuhi, moja kuelekea Dar kwa kilomita 90 kwa saa, nyingine kuelekea Dodoma kwa 110. Saa ngapi zitakuwa zimeachana kilomita 300?

4. Mtu anatembea kando ya reli kwa kilomita 6 kwa saa. Treni inayokwenda upande wake kwa kilomita 60 kwa saa inampita kwa sekunde 10. Ina urefu gani? Angekuwa anatembea kuielekea, ingempita kwa sekunde ngapi?

Majibu. La kwanza: mita 600 kwa 24 ni mita 25 kwa sekunde, kilomita 90 kwa saa. La pili: tofauti ni 90, mita 25 kwa sekunde, 750 kwa 25 ni sekunde 30, na abiria anaiona kwa 550 kwa 25, sekunde 22. La tatu: pengo linakua 200 kwa saa, kwa hiyo saa moja na nusu, saa 5:30 asubuhi, ya Dar itakuwa imekwenda kilomita 135 na ya Dodoma 165, na zote bado ziko njiani. La nne: tofauti ni 54, mita 15 kwa sekunde, mara 10 ni mita 150, akiielekea, jumla ni 66, sawa na 55/3 mita kwa sekunde, na 150 kwa hizo ni sekunde 8.2 hivi. Ukipata 9 kwenye hilo la mwisho, umemsahau mtu anayetembea.